Mchumba wangu ananiona kila niendako

"Shangazi, miezi minne iliyopita nilisafiri usiku, nikamtumia mchumba wangu lokesheni kwa WhatsApp ili asiwe na wasiwasi. Mpaka leo bado ananiona. Juzi nilipita kwa rafiki yangu, akapiga simu: 'Dakika 40 hapo unafanya nini?' Nikisema nataka kuzima, anauliza nina lipi la kumficha. Nampenda. Nifanyeje?"

Mwanangu, hizo dakika 40 zimeninyima raha. Anayekuhofia huuliza kama umefika salama. Huyu anakuhesabia dakika. Wewe ulimpa ruhusa ya safari moja, na safari ile iliisha.

Halafu kuna jambo hukuligundua. Lokesheni ya moja kwa moja ya WhatsApp ina kikomo: dakika 15, saa 1 au saa 8, kisha hukatika yenyewe. Kama bado anakuona baada ya miezi minne, anapitia kwingine. Fungua Google Maps, gusa picha yako pale juu, tazama sehemu ya kushiriki mahali ulipo. Humo mtu anaweza kuruhusiwa akuone mpaka uzime mwenyewe. Je, amewahi kuishika simu yako ikiwa wazi? Kugusa mara chache tu kunatosha. Kisha kagua vifaa vilivyoingia kwenye akaunti yako ya Google. Mwenye nywila yako anaweza kuitafuta simu yako kwenye ramani kana kwamba ni yake imepotea.

Ila usizime leo kwa hasira. Ukizima atagundua, maana utatoweka kwenye ramani yake. Kama amewahi kukupiga, kukutisha au kukuzuia kutoka, mweleze kwanza ndugu unayemwamini, mkiwa uso kwa uso, na mpange utalala wapi siku hiyo. Hilo nakusihi sana.

Kama humwogopi, keti naye umwambie: "Nikisafiri usiku nitakutumia, nikifika itazimika. Siku nyingine ukitaka kujua niko wapi, niulize." Usijitetee kuhusu la kuficha. Hata asiye na siri hufunga mlango anapooga. Badilisha nywila siku hiyo hiyo, kisha msikilize atakavyokujibu, maana huyo ndiye unayetaka kuolewa naye.

Ukiniandikia tena, tumia simu ya rafiki yako. Nasubiri kusikia kwako.