Tangi la feriki kloridi: vipimo, pampu na joto

SWALI: Niko Dodoma, natengeneza bodi za saketi kwa feriki kloridi (dawa inayokula shaba) kwenye beseni. Bodi ya sm 10 kwa 16 inachukua karibu saa nzima, na njia nyembamba za pembeni hukatika kabla shaba ya katikati haijaisha. Nataka tangi la wima la kioo, lenye pampu na hita ya samaki. Vipimo gani?

JIBU: Tatizo ni beseni. Dawa iliyokwisha kula shaba hutuama juu ya bodi. Pembeni inafikiwa na dawa mpya, katikati inabaki ileile. Ukisubiri katikati, pembeni shaba inaliwa hadi chini ya wino unaokinga njia.

Fundi vioo akukatie kioo cha mm 5, ndani upate upana sm 20, kimo sm 22, na sm 3 tu mbele hadi nyuma. Ukijaza hadi sm 18 ni lita moja na kidogo. Ungia silikoni ile inayonuka siki, iache siku mbili, kisha jaza maji na uliache tangi limesimama usiku mzima juu ya gazeti. Gazeti likilowa, usitie dawa.

Chini laza kibomba cha plastiki cha kutolea hewa ya pampu, kilichozibwa mwisho, chenye matundu ya mm 1 kila sm 1. Matundu yakiwa makubwa, hewa yote hutokea mwanzoni mwa kibomba na upande wa pili wa bodi unachelewa. Pampu iweke juu kuliko usawa wa dawa. Umeme ukikatika (na utakatika), dawa hupanda mpirani, na pampu iliyo chini huinywa yote.

Hita achana nayo: nyingi za samaki huishia nyuzi 34 hivi, wewe unataka 40 hadi 45. Simamisha tangi kwenye ndoo ya maji ya vuguvugu, uongeze ya moto taratibu. Yanayochemka yatapasua kioo. Asubuhi za Juni na Julai usiruke hatua hii. Bodi huiva kwa dakika 10 hadi 15 hivi. Ining'inize kwa uzi wa nailoni, maana hata chuma kisichoshika kutu kinaliwa.

Changanya gramu 500 za mabonge ya dawa kwa lita ya maji, kwenye ndoo ya plastiki. Dawa ndiyo iingie kwenye maji, kidogo kidogo, kwa sababu inatoa joto kali. Vaa miwani na glavu.

Dawa iliyochoka ina shaba, na Dodoma inakunywa maji ya visima vya Makutupora, kwa hiyo usiimwage chini. Ihamishie kwenye ndoo kubwa, tia magadi kidogo kidogo mpaka povu likome, tope lituame, kisha ulihifadhi kwenye dumu lenye alama.