Ukoo wa mabonge: la kufanya kama unene mmerithi

Upande wa mama yangu sisi ni mabonge, hatufichi. Mama mkubwa akija, watoto wanajua kupachika viti viwili vya plastiki, kimoja juu ya kingine, kabla hajakaa. Na kila shughuli hakosekani wa kutuambia, "Si mpunguze kula tu?"

Kupunguza kula tunajua. Ila mimi na wifi yangu tunakula sufuria moja, wali uleule na maharage yaleyale ya nazi. Yeye akifika katikati anasukuma sahani, "nimeshiba," na kweli kashiba. Mimi nikimaliza yangu ndiyo kwanza nachungulia ukoko. Tofauti hiyo sehemu kubwa iko kwenye ubongo, mahali panapopokea taarifa za njaa na shibe, na jeni nyingi za unene, yaani vile vipande vya urithi tunavyopewa na wazazi, hufanya kazi hukohuko.

Kwa wengi wetu hakuna jeni moja ya kulaumu. Ile maarufu, FTO, iliyotangazwa mwaka 2007, humwongezea aliyeirithi kwa baba na kwa mama wastani wa kilo 3 hivi. Kilo 3 hazimfikishi mtu kilo 140. Lakini vipo vijitofauti vingi vya jeni vya namna hiyo, kila kimoja kinasukuma kidogo, na kuna watu wamebeba rundo zima. Utafiti wa mwaka 2019 ulijumlisha vijitofauti zaidi ya milioni 2 na kukuta kwamba wenye mzigo mkubwa na wenye mzigo mdogo wanapofika miaka 18 wameshapishana takriban kilo 12. Hesabu hiyo ilitengenezwa kwa takwimu za watu wenye asili ya Ulaya, kwa hiyo pesa ya kupima jeni mtandaoni mimi ningenunulia viatu vya mazoezi. Sitanii: kwa wenye FTO ya hatari, mazoezi yamekutwa yakipunguza athari yake kwa zaidi ya robo. Haiishi, lakini robo si haba.

Mtoto ni habari nyingine. Ukiona amenenepa kupita kiasi kabla ya miaka 5, analia njaa dakika chache baada ya kula, anaiba chakula usiku, usimchape. Mpeleke kwa daktari wa watoto. Mwaka 1997 madaktari wa Cambridge waliandika habari za watoto wawili, binamu: msichana wa miaka 8 mwenye kilo 86 na mvulana wa miaka 2 mwenye kilo 29. Miili yao ilikosa leptini, homoni inayouambia ubongo kwamba akiba ya mafuta ipo. Msichana alipoanza kuchomwa sindano za leptini, njaa ilitulia na kilo zikashuka. Wazazi wao walikuwa wameoana ndani ya ukoo. Nasi wa Pwani, ambako kuoa mtoto wa ami si ajabu, tumwambie daktari bila haya. Mweleze pia kama mtoto ni mrefu kuliko wenzake, au kama alizaliwa mlegevu asiyeweza kunyonya vizuri. Kila dalili inaelekeza kwenye ugonjwa tofauti.

Sisi watu wazima, nyumbani kwangu chakula kinapakuliwa jikoni na sufuria inabaki hukohuko. Nikiiona mbele yangu, nimekwisha. Soda hailali kwenye friji. Chai za kupunguza tumbo sinunui, hata anayeuza awe shoga yangu. Wembamba wa wifi sishindani nao. Nafuatilia presha, sukari na kiuno changu. Dawa za sindano za kutuliza njaa zipo siku hizi, na upasuaji upo. Ghali, ndiyo, lakini si aibu kuviulizia.

Kabla ya kliniki, kaa na wazee uwaulize: nani alikuwa bonge tangu mtoto, nani alinenepa baada ya kuzaa, nani alianza alipohamia mjini na kazi ya kukaa, nani kisukari kimempata mapema. Andika kwenye karatasi, maana ukifika mbele ya daktari utasahau nusu.