Shangazi, mke wangu anasema sigara zangu zinamharibu mtoto

"Shangazi, shikamoo. Mwanetu ana miaka 12. Daktari amesema uzito umezidi, sukari imeanza kupanda na mafuta kwenye damu hayako sawa. Mke wangu ananilaumu mimi na sigara zangu. Mimi navuta nje tu, na nikiwa na mtoto garini hufungua dirisha. Anayemponza ni mama yake kwa mapishi yake. Sasa hata kumpakata mdogo wake nakatazwa mpaka nibadilishe shati. Nimechoka kudharauliwa nyumbani kwangu. Baba Aliyechoka."

Marahaba, mwanangu. Pole kwa maradhi ya mtoto. Pole yangu inaishia hapo, maana barua yako nimeisoma mara mbili na kosa la mkeo sijaliona.

Unasema unavuta nje tu, halafu wino haujakauka unanitajia gari. Tangu lini ndani ya gari kukawa nje? Hata ukifungua dirisha lote, moshi mwingine unabaki, na anayeuvuta ni mtoto aliyefungwa mkanda ubavuni pako. Moshi huo una kemikali zaidi ya 7,000, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kisicho na madhara.

Unadhani sigara inagusa mapafu tu. Nikotini, ile kemikali ya tumbaku inayoleta uraibu, huingia kwenye damu na kuufanya mwili uwe mzito kuitikia insulini, ile homoni inayoitoa sukari kwenye damu. Watafiti wamekuta pia watoto wanaoishi na wavutaji wakiwa na upungufu wa yale mafuta mazuri yanayolinda moyo. Chakula kina sehemu yake, na kukaa bila kucheza vilevile, sikatai. Lakini wewe umeliona sufuria la mkeo, pakiti yako hukuiona. Nyani haoni kundule.

Kuna jambo umelipita kimyakimya: mkeo alipokuwa na mimba ya huyu kijana, ulikuwa ukivutia wapi? Mjamzito anayevutishwa moshi wa mwingine huweza kuzaa mtoto mwenye uzito pungufu, na mtoto wa namna hiyo yumo hatarini zaidi kupata kisukari ukubwani. Tena huko Bristol, Uingereza, utafiti unaofuatilia familia tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 ulikuta watoto wa kiume wa kina baba walioanza kuvuta kabla ya kutimiza miaka 11 wakiwa wanene kuliko wenzao walipofika ujanani. Wewe ulianza lini?

Kuhusu shati, mkeo yuko sahihi kabisa. Nikotini hunasa kwenye kola na kifuani, palepale mtoto mchanga anapolaza shavu na kunyonya kitambaa. Siku hizi wanaume mnaita kila neno la mke dharau. Mke akinyamaza mnasema hajali, akisema mnasema amewapanda kichwani. Huyu analinda wanao, nawe unapima heshima yako!

Kliniki ijayo ya mtoto nenda naye. Mtajie daktari idadi ya kweli ya sigara unazovuta, na umuulize kuhusu vibandiko vya nikotini na dawa za kusaidia kuacha, kwa sababu kuacha kwa ubishi peke yako ni kugumu. Garini usivute tena kuanzia leo, hata ukiwa peke yako. Na shati badilisha bila kununa.