Maswali Yenu Kuhusu Kino na Pikipiki Yake

Tangu niwasifie Kino no Tabi, riwaya nyepesi (riwaya fupi za burudani) za Keiichi Sigsawa zilizoanza kuchapishwa Japani mwaka 2000, kuhusu msafiri Kino anayezunguka nchi baada ya nchi kwa pikipiki, maswali hayajakoma. Nayajibu yaliyojirudia.

Eti pikipiki inaongea? Basi ni hadithi za watoto.

Inaongea, inaitwa Hermes, na ina udadisi kweli. Lakini mtoto mdogo usimpe. Watu wanauawa humo, na Kino mwenyewe ni hodari wa bastola.

Kwa nini hakai nchi moja zaidi ya siku tatu?

Husema siku tatu zinatosha kuijua nchi. Akizidisha atageuka mkazi. Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kino huaga kabla hajakabidhiwa jembe, ndiyo maana bado anashangazwa na mambo ambayo wenyeji wameshayazoea.

Mbona haingilii kati? Anaona watu wameangamia, anawasha pikipiki anaondoka. Inaniudhi!

Hata mimi inaniuma, na ninavyoona, hapo ndipo penye uzito wa vitabu hivi. Chukua nchi ya kura. Wananchi walimpindua mfalme dhalimu, wakakubaliana kila jambo liamuliwe na walio wengi. Wachache waliopinga wakaonekana wasaliti, wakauawa. Kura ikafuata kura, makaburi yakaongezeka, hadi Kino anapofika amebaki mwanamume mmoja tu, na bado anaamini hakukosea popote. Kino angemhubiria, sisi tungefunga kitabu tumeridhika. Kwa kuwa hamhubirii, kazi ya kumjibu yule bwana inabaki kwetu.

Au wale wazee watatu wa reli. Wa kwanza, kwa miaka hamsini amesugua vyuma vya reli iliyoachwa. Mbele yuko wa pili, miaka hamsini anaing'oa. Mbele zaidi wa tatu, miaka hamsini anaitandika upya. Kila mmoja aliajiriwa, hakuna aliyeambiwa aache, na kila mmoja ana familia inayomtegemea. Ungekuwa wewe, ungemwambia yupi ukweli? Mimi nisingethubutu.

Tena si kweli kwamba haingilii kamwe. Katika hadithi ya Koloseo, uwanja wa mapigano, risasi yake ya mwisho inampata mfalme wa nchi hiyo.

Nianzie wapi?

Kila hadithi inajitegemea. Kwa Kiingereza kilitoka kitabu cha kwanza tu, mwaka 2006. Kwa hiyo anza na anime (filamu ya katuni ya Kijapani) ya 2003, vipindi 13 vilivyoongozwa na Ryutaro Nakamura. Ile ya 2017 ina rangi nzuri zaidi, ila inakwenda mbio. Ile ya zamani inakuacha ukae na wazo.

Kino ni mvulana au msichana?

Msichana. Jina hilo alilipataje? Tafuta hadithi ya nchi ya watu wazima, na usikubali mtu akusimulie kabla hujaiona mwenyewe.