Shangazi, mjomba aliniambia mkorosho ule ni wangu

*Shikamoo Shangazi. Naishi Dar es Salaam na mume wangu na watoto wawili, kwetu Newala. Mwezi wa sita nilifiwa na mjomba, kaka yake mama, ndiye aliyenilea baada ya baba kutuacha. Sisi ni Waislamu, nilipofika walikuwa wameshazika. Mpaka leo usiku nalia. Mume wangu, ambaye si mtu wa kusini, ananiambia, "Si mjomba tu?" Kuna mkorosho mmoja mpakani mwa shamba lake. Nikiwa darasa la tatu aliniambia ule ni wako, na kweli korosho zake ndizo zilizoninunulia sare na madaftari. Natamani kuuulizia, ila naogopa watoto wake watasema nimefuata mali. Nifanyeje?*
*Mpwa, Dar es Salaam*

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa msiba.

Lia. Huku kwetu, kwa Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera, ukoo umehesabiwa upande wa mama tangu enzi za mababu. Mjomba ndiye aliyekuwa na kauli juu ya watoto wa dada yake: nani aende jando, nani achezwe unyago, posa ya nani ipokelewe. Wa kwako alifanya na zaidi, alikulea. Umefiwa na mzazi, asikutie mtu aibu kwa hilo.

Mumeo simhesabii ubaya. Pengine kwao uzito huo anao baba mdogo, na wewe hujamweleza. Usimwanzishie somo la mila. Msimulie lile uliloniandikia kwenye sehemu ya barua niliyoifupisha: jioni mjomba anakaanga korosho juu ya bati lililotobolewa, mafuta ya maganda yanashika moto, anazimwagia mchanga, kisha anabangua moja moja kwa jiwe. Nzima anawawekea watoto kwenye kawa, zilizovunjika anakula yeye. Nimelisoma mara mbili hilo. Mwanamume aliye na watoto akilisikia ataelewa umepoteza nani.

Na maziko usijilaumu. Maiti haicheleweshwi, na kutoka Dar kuja Newala ni zaidi ya kilomita 500. Waliozika hawakukusudia kukuacha.

Sasa mkorosho. Hapa nitakukazia kidogo, mwanangu: usiudai. Neno aliloambiwa mtoto wa darasa la tatu, wawili tu shambani, halitoshi kuitwa wasia. Kwa mirathi ya Kiislamu mpwa wa kwa dada hana fungu watoto wa marehemu wakiwepo. Kwa mila ya zamani, ndiyo, mali ya mjomba ilikwenda kwa wapwa, na hapo hasa ndipo penye hatari. Binamu zako wamekua wakisikia visa vya watoto waliotolewa kwenye shamba walilolipalilia wao na baba yao, eti wenyewe ni wapwa. Ukitamka "mti wangu", wao watasikia shamba zima linaondoka, hata kama wewe unachotaka ni kivuli chake tu. Mpaka madeni yalipwe na msimamizi wa mirathi agawe, hata panga lake usiombe.

Lakini kunyamaza nako sikushauri, maana utabaki na donge na wao watabaki na mashaka. Nenda kwa mke wa mjomba. Eda ya kufiwa ni miezi 4 na siku 10, yuko ndani, anahitaji watu wa kukaa naye. Usipitie na kuondoka. Lala hata siku mbili, pika, fua. Binamu zako wakiwepo, anza na neno hili kabla ya jingine lolote: "Sikufuata mali, nimekuja tumzungumze mjomba." Kisha wape kisa cha mti na sare. Yawezekana hawakijui kabisa. Baba yao hakuwa mtu wa kujitangaza, ndivyo ninavyomwona kwenye barua yako, na kwao kitakuwa kitu kipya kumhusu mtu wanayemlilia. Na wao watakuwa na yao usiyoyajua wewe. Yaulize.

Halafu omba jambo moja tu: korosho zikianza kudondoka mwezi wa kumi, wakuruhusu kuja kuokota nao. Utakazookota chini ya mti ule zitie kwenye magunia yao, ziende chama cha msingi cha ushirika kuuzwa pamoja na nyingine. Ikitokea wao wenyewe wakasema chukua, chukua kidogo ukabangue na wanao. Wasiposema, usikumbushie.

Ukitaka kumfanyia kitu cha kudumu, mtolee sadaka ya maji. Unaijua shida ya maji huko juu kwenye uwanda wa Makonde. Tangi la kukingia mvua kwenye msikiti wa kijijini, mkichangishana wewe na binamu zako, ni jambo mtakalolifanya pamoja bila mtu kumtilia mwenzake shaka.

Safari hiyo ya mwezi wa kumi mwombe mumeo akusindikize, na watoto kama shule inaruhusu. Bebeni nguo kuukuu za shambani, maana madoa ya mabibo hayatoki.

Shangazi