Aiptasia kwenye tangi: weka kisu kando

SWALI: Mhariri, salamu. Nina tangi la matumbawe la lita 200. Juu ya mawe wamezuka anemoni (wanyama laini wa baharini wenye minyiri) wadogo wa rangi ya hudhurungi, wembamba, unaona mpaka ndani. Walipokuwa wanne niliwakwangua kwa kisu. Wiki tatu baadaye nahesabu zaidi ya ishirini. Na anemoni wangu mkubwa naye ameanza kutembea. Nifanyeje? – Msomaji, Nyali

JIBU: Ndugu yetu, hao ni aiptasia, na kisu ndicho kilichowazidisha. Kipande cha wayo kinachobaki jiweni, hata kikiwa kidogo kuliko kichwa cha kiberiti, huota mnyama mzima.

Kinachowamaliza ni chokaa safi, yaani haidroksidi ya kalisi. Ndiyo ile ya tambuu, ila tafuta isiyotiwa rangi wala manukato. Ya ujenzi ina uchafu mwingi. Vaa glavu na miwani, maana huunguza. Koroga kijiko kimoja cha chai cha chokaa hiyo na maji kidogo kidogo mpaka iwe kama uji mzito, kisha ivute kwa bomba la sindano la mililita 3. Zima pampu zote. Sogeza ncha polepole kutoka ubavuni bila kugusa minyiri. Akishtuka atajivuta tunduni na umemkosa. Mwachilie tone moja mdomoni, atalimeza akidhani ni chakula. Hapo mfunike asionekane tena, na tundu lake ulizibe. Subiri dakika 20 kabla ya kuwasha pampu, la sivyo chokaa itatawanyika iunguze matumbawe. Watano kwa siku wanatosha, kwa kuwa chokaa hupandisha pH, yaani kipimo cha asidi na alkali ya maji; ikipita 8.5, pumzika siku mbili. Baada ya wiki kagua tena, hasa kivulini chini ya mawe, na punguza chakula cha samaki: mabaki yake ndiyo yanayowanenepesha.

Kamba aitwaye Lysmata wurdemanni, wa Atlantiki, huwala. Tahadhari usiuziwe Rhynchocinetes, mwenye kibiongo na mistari myeupe. Huyo hula matumbawe yenyewe.

Anemoni wako mkubwa usimng'oe, atararuka wayo. Anatafuta mwanga na mkondo unaomfaa. Lakini leo hii funika mdomo wa pampu kwa sponji: akivutwa humo atasagika, na maji yatachafuka kiasi cha kuua samaki kwa usiku mmoja. Pima joto pia. Wakati huu wa kaskazi, maji yakipita nyuzijoto 28, elekeza feni juu yake. Yanayoruka kama mvuke ni maji matupu, chumvi inabaki, kwa hiyo ongeza maji yasiyo na chumvi, yaliyochujwa kwa osmosisi (mtambo wa kuondoa chumvi), mpaka kipimo cha chumvi kisome 1.025.

Mdomo wake ukiwa umefumba na minyiri ikishika kipande cha nyama ya kamba unachompa, ni mzima. Ukikaa wazi siku nzima na akaanza kunuka, mtoe papo hapo, usingoje asubuhi.