Maswali yenu: Bia hii mbona ina ladha ya keki?

SWALI: Anti shikamoo. Mi niko Stockholm huu mwaka wa tatu, bia nakunywa ila hizi za kawaida tu. Juzi jamaa wa kazini kaniletea chupa ndogo imeandikwa Noa Pecan Mud Cake, zawadi ya bethdei. Nikaitoa friji ikiwa baridiii, nikaipiga kwa mdomo wa chupa huku naangalia mpira. Mafunda ya kwanza sikusikia kitu zaidi ya koo kuungua, baadae ikaanza kuwa tamu kama sharubati na kabla haijaisha kichwa kishazunguka, iliyobaki nikaimwaga kwenye sinki. Jumatatu jamaa ataniuliza nimeionaje. Hivi hii ni bia kweli au wamesaga keki humo ndani? Na nilikosea wapi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hiyo uliyoimwaga imeniuma mimi kuliko wewe, maana ile bia naijua na naipenda.

Ni bia, tena bia haswa. Wanaoitoa ni Omnipollo, wa hapohapo Stockholm ulipo, ni stauti, yani bia nyeusi ya ukoo wa Ginesi, ya asilimia 11. Sasa tupige hesabu kidogo: chupa ya mililita 330 kwa asilimia 11 ina mililita 36 za alkoholi, wakati bia ya kawaida ya nusu lita yenye asilimia 5 ina mililita 25. Yani kale kachupa kadogo ni kama bia kubwa moja na nusu, na we umeishusha kwa dakika za kipindi cha kwanza. Kichwa lazima kizunguke, utamu unaificha alkoholi mpaka ishafika.

Kuhusu keki, maana mud cake ni keki nzito ya chokoleti na pecan ni aina ya njugu. Hizi bia zinatengenezwa makusudi ziwe na ladha ya vitu vitamu, keki, aiskrimu, biskuti, chokoleti, na watu wengi wanadhani lazima wametumbukiza keki pipani. Wapo wanaofanya hivyo kweli, lakini haohao Omnipollo walishirikiana na Buxton wa Uingereza kutoa stauti inaitwa Yellow Belly, ya ladha ya biskuti za siagi ya karanga, na wakasema wazi kwamba ndani hamna biskuti, hamna siagi, hamna karanga! Ladha nyingi zinaanzia kwenye kimea chenyewe. Kimea unakijua, kile cha mbege na togwa, nafaka iliyooteshwa ikakaushwa, ila huku ni shayiri, na sehemu yake inakaangwa mpaka inakuwa nyeusi kama buni iliyokaangwa, ndo maana stauti inanukia kahawa na chokoleti hata kama hawajaweka hata punje ya kahawa. Alafu wanajaza kimea kingi kuliko bia ya kawaida, wanakiloweka kwenye maji ya moto zaidi kidogo ili zibaki sukari ambazo hamira haiwezi kuzila, na wengi wanaongeza laktosi, sukari ya maziwa, ambayo hamira ya bia haiigusi kabisa, inabaki vilevile mpaka kwenye glasi. Mwisho ndo vinakuja vanila, kakao, nazi, mdalasini, na vanila ina ujanja wake maana yenyewe haina sukari ila ukiinusa tu ubongo unakwambia kitu kitamu kinakuja. (Na wala vanila sio kitu cha mbali na sisi, Uganda wanalima, Komoro wanalima, Madagaska ndo usiseme.)

Sasa ulipokosea ni baridi na chupa. Nyumbani ukikaa baa mhudumu anakuuliza, ya moto au ya baridi? Hii jibu lake liko katikati. Ikiwa ya baridi kabisa harufu zote zinalala, ulimi unapata ukali wa alkoholi tu, ndo koo lako lililoungua. Na mdomo wa chupa hauna nafasi ya pua, wakati nusu ya bia hii inaonjwa kwa pua. Itoe friji nusu saa kabla, ifike kama nyuzi 10 mpaka 13, tafuta glasi yenye tumbo na mdomo mwembamba, hata ya waini inafaa, mimina kidogo tu kama robo.

Mimi niliionja na kaka yangu na wifi, chupa moja watu watatu, na tulikaa nayo karibu saa nzima. Inamiminika nzito na nyeusi kama oili chafu ya gari, povu lake kahawia na linakata mapema. Ukinusa inakuja vanila kwanza, alafu sukari iliyoungua, ile ya chini ya sufuria ya visheti, alafu njugu zilizokaangwa. Mdomoni ni nene, inatanda ulimini. Kaa nayo kidogo kabla ya kumeza, pumua kwa pua baada ya kumeza, hapo ndo utasikia chokoleti chungu kwa nyuma pamoja na joto la alkoholi kifuani. Na mi kila stauti ya aina hii naipima kwa hilo chungu la nyuma. Kwetu pwani halua inaliwa na kahawa chungu, hamna mtu anashushia halua na soda, ule uchungu ndo unakurudisha kwenye kipande kingine. Stauti tamu nzuri imebeba halua na kahawa kwenye glasi moja. Kama kahawa haimo, ukimaliza funda la tatu umekinai. Niliwahi kuonja moja ya nazi, jina naliacha, hamna uchungu hata wa dawa, ikawa kama nanywa losheni ya mwili, sikuimaliza. Noa kwa mimi uchungu upo ila mdogo, iko upande wa halua zaidi, ndo maana chupa nzima peke yako ni nyingi mno.

Kwahiyo Jumatatu mwambie jamaa ukweli kwamba uliinywa vibaya, ataelewa na atafurahi umeuliza. Pita Systembolaget, yale maduka ya pombe ya serikali, maana hapo Sweden bia inayozidi asilimia 3.5 haiuzwi supamaketi, ukiikuta nunua moja mfungue wote wawili mgawane. Weka na korosho za chumvi au jibini lenye chumvi, keki usiweke, tamu juu ya tamu mtachoka.

SWALI: Anti habari. Niko Nairobi, mi ni mtu wa Ginesi ya moto miaka yote. Binamu katoka London kaniletea mkebe wa stauti ya vanila na kahawa, ml 440, asilimia 12. Hii sukari yote ni stauti kweli jamani? Na naweza kuiweka mpaka krismasi ya mwaka ujao? Nasikia hizi kali zinakaa kama waini.

JIBU: Salama kaka. Wewe wa Ginesi ya moto uko karibu na hii bia kuliko unavyofikiri, ushazoea stauti bila barafu. Hiyo Ginesi yetu ya Afrika Mashariki ni Foreign Extra, ukoo wake unarudi mwaka 1801 kwenye bia ya Dublin iliyoongezwa nguvu na hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu, ili ivumilie safari ya meli mpaka visiwa vya Karibi. Na hizi za asilimia 10 kwenda juu zinatoka kwenye stauti kali iliyokuwa inapikwa London karne ya 18, kiwanda cha Thrale pale Southwark, ikapelekwa Urusi mpaka kwenye jumba la malkia Catherine. Wamarekani wakaja wakaipenda, Goose Island wa Chicago miaka ya 1990 wakaiweka kwenye mapipa yaliyotoka kubeba bourbon, wiski ya kwao, ikatoka na vanila na nazi za kwenye mbao zenyewe. Kutoka hapo mpaka kutia vanila yenyewe ni hatua fupi sana, kwahiyo ndio, ni stauti, tena ina nasaba ndefu.

Ila kuiweka, hapana. Stauti kali isiyo na mbwembwe, au ya pipa, inakaa vizuri miaka, uchungu unalainika. Lakini kahawa na vanila ndo vya kwanza kuondoka, kahawa hasa, baada ya miezi inaanza kunuka pilipili hoho mbichi na unabaki na sukari peke yake. Binamu kabeba mkebe huo ndege nzima ili uinywe ikiwa na harufu zake! Inywe mwezi huu, isimamishe mahali penye giza na baridi, na kumbuka ml 440 za asilimia 12 zinazidi bia mbili za nusu lita za asilimia 5, kwahiyo mwite mtu, na gari libaki nyumbani.

SWALI: Anti, maziwa yananisumbua tumbo na mwanangu mkubwa ana aleji ya karanga. Tuko Minneapolis, hizi stauti zimejaa. Tunaweza kuonja?

JIBU: Wewe kwa laktosi soma mkebe, mara nyingi wanaandika, na ujue jina la stauti ya maziwa nalo maana yake ni hiyohiyo. Funda mbili tatu wengi tusiopatana na maziwa tunazivumilia, glasi nzima tumbo litasema. Kwa mwanao, kama ni mtu mzima wa kunywa, msibahatishe kabisa. Zipo zinazotumia karanga halisi, zipo za ladha tu, na zote zinaweza kupita mashine moja. Kiwanda waandikieni kwanza, na kama hawajajibu aagize stauti ya kawaida isiyoongezwa kitu, ile ya kimea, hopsi, hamira na maji, chokoleti ya kimea ataipata humo humo.